Ng'ombe wa Mwenyewe

Kwanza vueni hizo kofia. Mmeingia uani kwangu na kofia za kazi na makoti yenu ya kijani kama watu waliokuja kukamata mtu, halafu mnashangaa mbwa wa jirani anabweka. Haya, kaeni. Mmeomba niwaambie kazi ya chanjo ilikuwaje kabla yenu, na mimi nikianza kusema sina breki. Marehemu mume wangu angekuwepo angeshuhudia.

Mimi ni mtoto wa dukani. Baba alitoka Kondoa akiwa kijana, akafungua duka la chumvi, sukari na blanketi hapa Karatu mjini, nami nikakua nikichezea juu ya magunia. Ng'ombe nilikuwa nawaona mnadani tu, kwa mbali. Nilipopata nafasi ya kwenda kusomea mifugo, mama alishika kichwa. "Zuhura," akasema, "mwanamke anayepiga ng'ombe sindano ataolewa na nani?" Nikaolewa, alhamdulillah, na mwanaume ambaye ng'ombe akigeuza shingo yeye anapanda juu ya ukuta.

Siku niliyoripoti kijijini Qurus, wazee walikuwa wamekaa wanamsubiri bwana mifugo. Nikashuka kwenye lori na sanduku langu. Wakaendelea kutazama nyuma yangu.

"Bwana mifugo yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Wewe ni mke wake?"

"Mimi ndiye bwana mifugo mwenyewe!"

Walicheka siku nzima, na kwa kweli hata mimi ningecheka. Jioni nilikuwa nimeshapewa jina: Mama Chanjo. Mtoto sina, mume sina, ila mama nimeshakuwa.

Nyie leo mnatoa sindano ya plastiki kwenye karatasi, mnachoma, mnatupa. Sisi tulikuwa na bomba la kioo na sindano chache za chuma, tunazichemsha kwenye sufuria juu ya mafiga, kwa kuni za mwenye boma, huku watoto wakiuliza kama tunapika supu. Sindano ikiwa butu unainoa juu ya jiwe. Chanjo tulibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, na barafu yenyewe uliiomba kwa mwenye friji ya mafuta ya taa, ukiwa umemsalimia vizuri wiki nzima. Mara moja nilichanganya chupa zangu mbili, nikafika kwa mzee mmoja nikafungua mbele ya watu, ikatoka chai ya maziwa. Akaniambia, "Daktari, hii nipe mimi, ng'ombe hawajaizoea."

Kuchanja kwenyewe mtajifunza, mikono itawafundisha. Ngozi ya nyuma ya bega ivute juu, ingiza sindano chini yake, usiende kwenye nyama. Na nawaomba, tena nawaomba kwa Mungu, msichanje kimeta na kupiga penisilini siku moja. Mtaua chanjo, kisha mtasema chanjo ni mbovu. Kilicho kigumu ni kufika kwenye mkia wa huyo ng'ombe. Kabla ya ng'ombe kuna mtu, na kabla ya huyo mtu kuna watu waliomtangulia, na habari za hao hamkusomeshwa chuoni.

Kosa langu la kwanza nilifanya wiki ileile. Nilifika kwa mzee mmoja nimevaa kaki, suruali ya kaki, shati la kaki, buti mpya zinazolia. Nikamwuliza hata kabla ya kukalishwa: "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Akaniangalia, akaangalia juu, akaangalia buti zangu. "Ng'ombe? Labda utakutana nao njiani."

Akanitolea wale wachache waliokuwa mlangoni. Nikachanja, nikaaga. Nilipovuka kilima nikakutana na kundi lake limejaa bonde zima, na mchungaji anapiga mluzi kana kwamba hakuna kitu. Nilirudi nimefura kwa Mzee Lohay.

Mzee Lohay alikuwa mhudumu wa josho, yule anayewasukuma ng'ombe waogee dawa ya kupe. Yeye ni Mwiraqw wa hapahapa, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, na kila nilichokuja kukijua kazini mizizi yake ni kwake. Alinisikiliza huku anacheka hadi akakohoa.

"Mwanangu, wewe umemuuliza mtu swali la askari."

"Askari gani tena?"

"Wa Mjerumani."

Akakaa juu ya ukuta wa josho, akanieleza. Wakati ule babu zao walikuwa bado kule juu Mbulu, huku Karatu hawajashuka. Mjerumani akaja na bunduki na askari aliowaokota nchi za mbali. Anataka ng'ombe wa kula, anataka watu wa kubebea mizigo yake. Na askari wakifika nyumbani, salamu yao ilikuwa hiyo: ng'ombe wangapi? Baada ya hapo kiboko.

"Mkafanya nini?" nikamwuliza.

"Kupigana na bunduki kwa mkuki, wengine walijaribu, tukawazika. Waliobaki wakatumia akili. Sisi tangu zamani mtu haweki ng'ombe wake wote nyumbani. Unampa rafiki yako mmoja akakufugie. Yeye anakunywa maziwa, mbolea anatia shambani, ndama ni wako. Ilikuwa ni undugu tu. Alipokuja Mjerumani ukawa ndio ngao yetu. Askari akikuvamia anakuta ng'ombe mmoja, naye si wako. Mwenye ng'ombe hasemi wako wapi, na mwenye kuwafuga hasemi ni wa nani. Watu walichapwa mpaka wakafa na hawakutaja."

"Kwa hiyo mliwashinda?"

"Tulibaki na ng'ombe," akasema.

Tangu siku hiyo buti nikaziacha, nikavaa kanga juu ya suruali, na nikajifunza kutouliza. Ukifika sema, "Ng'ombe hawajambo?" kisha nyamaza, kunywa unachopewa. Tazama matope ya mlangoni yamekanyagwa vipi. Tazama vibuyu vya maziwa vilivyoanikwa. Ukiambiwa "wachache," fungua chupa nyingine ya chanjo. Na msiwaite watu waongo. Huyo anayewadanganya hata yeye pengine hajui kwa nini. Kafundishwa na baba yake, naye kafundishwa na wake, na wa kwanza kabisa alifundishwa kwa kiboko.

Sasa nifike kwa Ama. Jina lake Paskalina, ila Ama ndivyo Wairaqw wanavyomwita bibi, na Qurus nzima ilimwita hivyo. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali, mwenye utani wa kukuchoma ukacheka. Nyumba yake nusu ilikuwa ndani ya kilima. Zamani ndivyo walivyojenga: unachimba mteremko, unaingiza nyumba humo, paa unalifunika kwa udongo na majani yanaota juu yake, mpita njia anaweza kutembea juu ya kichwa chako asijue. Wanawe walishamjengea ya bati, akaifanya ghala la mahindi.

Mara ya kwanza nilipoingia kwake nilikuta ng'ombe wake wawili nje, na ndani, huko gizani kilimani, wengine wekundu, wazuri kweli, wana ngozi ya kung'aa. Ama aliposikia hatua zangu, kabla hajageuka kunitazama, aliweka kiganja puani mwa ng'ombe jike mkubwa, akaegemeza paji la uso wake kwenye la ng'ombe, akawa anavuma kwa sauti ndogo kooni. Yule ng'ombe akatulia kimya. Hakucheua, hakutikisa hata sikio. Mimi nimeshika ng'ombe maisha yangu yote na sijaona mwingine anatulizwa vile bila kamba.

"Hawa ni wa nani, Ama?"

"Wa mwenyewe."

Mimi Mswahili wa dukani, nikaelewa kuwa ni wake mwenyewe. Nikamsifu: "Basi mwenyewe unajua kufuga." Akacheka sana. Nikachanja wale wa nje, nikageukia wa ndani. Akasimama mbele yangu.

"Hawa hapana. Mpaka mwenyewe aseme."

"Si wewe mwenyewe?"

"Mimi siye mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ni mwenyewe."

Tulizunguka hapo hapo mpaka nikachoka. Nilimwambia Mzee Lohay, naye akaacha kucheka. Akasema, "Hao waache. Siri ya mtungi aijuaye kata." Nikawaacha, miaka ikapita, na kila nikienda Ama ananikaribisha, tunakunywa maziwa ya ng'ombe wa mwenyewe, na ng'ombe wa mwenyewe siwagusi.

Mzee Lohay akatangulia mbele ya haki. Kisha ikaja kimeta.

Ninyi kimeta mnakisoma. Ulikuwa ukame mrefu, majani yameisha mpaka ng'ombe wanalamba vumbi, mvua ikanyesha kidogo, na ndipo ugonjwa ukafumka ardhini. Ng'ombe analala jioni mzima, asubuhi amevimba, damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Watu wenye njaa, ng'ombe amekufa, wanataka kula. Nilipita nyumba kwa nyumba nawaambia msichune, msikate, chimbeni shimo refu, mwageni chokaa. Wengine walinisikia. Jirani yake Ama, binti wa miaka ya shule, alisaidia kuchuna na akatokwa na kidonda cheusi mkononi. Mungu alimponya kwa sindano za zahanati, lakini mama yake alizeeka wiki ile.

Tukachanja Qurus nzima. Wakabaki wale wa ndani ya kilima. Mkuu wangu wa kazi wakati huo alikuwa mtu mwema, ila siku zile hakuwa akilala, na mtu asiyelala hana subira. Akaniambia, "Mama Chanjo, bibi mmoja hawezi kutuulia kijiji. Kesho nakuja na mgambo tuwatoe kwa nguvu."

Mgambo. Watu wenye magwanda na virungu, waingie ndani ya nyumba ile, wawatoe ng'ombe wale, mbele ya bibi yule! Nikamwambia, "Niachie leo." Akasema, "Leo tu."

Nikaenda. Nikamkuta Ama amekaa kwenye kigoda ndani, mkono juu ya shingo ya jike lake. Nikamwambia kweli yote, hata ya mgambo. Nikamwambia, "Ama, mwenyewe akija kesho akute mizoga, utamwambia nini?"

Alimpapasa jike lake shingoni. Kisha akasema, "Nitakueleza, ila jina silitaji."

Mama yake alikuwa na mimba yake yeye Paskalina wakati askari walipopanda mlima kule Mbulu. Baba yake alikuwa amewekewa ng'ombe na rafiki, jike na ndama wake. Baba akamwambia mke wake, "Ingia nao ndani, mshike pua." Mama akaingia gizani, akaweka kiganja puani, akavuma. Askari wakatembea juu ya paa, udongo ukawa unamwangukia kichwani. Ng'ombe hakulia. Lakini baba walimkuta nje, na mbolea mbichi ikiwa mlangoni. Ng'ombe wako wapi? Hajui. Ni wa nani? Hajui. Wakampiga pale juu ya paa, mke wake anasikia kila kiboko, na mkono hauwezi kuutoa puani aufikishe masikioni. Walipochoka wakamfunga kamba kwenda kubeba mizigo. Akiwa anaondolewa alipaza sauti kwa Kiiraqw, kama mtu anayeimba tu, ili wasielewe: "Mtunze wa mwenyewe. Usitaje mpaka nirudi niwaambie wameondoka, au mwenyewe aje aseme."

"Hakurudi?" nikauliza, swali la kijinga.

"Mimi nilizaliwa," akasema Ama. "Nikaolewa, ng'ombe wakanifuata. Mama alikufa mkono wake uko puani mwa bibi yake ng'ombe huyu."

Nikalia. Sioni aibu kuwaambia. Nikamshika magoti: "Lakini Ama, wameondoka! Mjerumani aliondoka zamani. Akaja Mwingereza, naye akaondoka. Tuna nchi yetu. Hakuna askari."

Akaniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye mtoto asiyeelewa.

"Unadhani mimi mjinga? Najua. Nimecheza ngoma ya Uhuru mimi, nikavunjika kisigino cha kiatu. Lakini wewe umetumwa na nani? Na serikali. Basi hata askari wangesema hivyo hivyo: toeni, tumeshaondoka. Redio ilisema, ndiyo. Redio haikutumwa na baba yangu."

Nikauvua mfuko wa dawa begani, nikauweka chini.

Nikakaa. Ndama mmoja akaja kunusa mfuko wangu, nikamkuna kichwa, kwa mazoea tu, na kidole changu kikagusa sikio. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha, wima, na chini yake pengo dogo. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Nikatazama wa pili, na wa tatu, na jike mkubwa. Wote. Nikatoka nje kutazama wale wawili wake. Hao wamechanwa sikio la kulia, mchano mmoja.

Mnajua watu hukata masikio ya ng'ombe ili kila ukoo utambue wake. Leo mnatia hereni za namba, sawa, ila sikio ndilo lililokuwa likisema. Kwa hiyo kwa muda wote huo, kila ndama aliyezaliwa gizani mle alikuwa akikatwa alama ya mwenyewe. Hakuna hata mmoja waliyempa alama yao.

Na ile alama nilishaiona. Mtu wa kazi yetu anatazama masikio kuliko nyuso. Niliiona Ganako, kwa Mzee Tsere, mtu wa makamo, mkulima wa maharage na vitunguu, mwenye ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Ni milima miwili tu kutoka hapo. Anauza kwenye mnada uleule, anasali kanisa lilelile na Ama, pengine alishakaa naye benchi moja.

Sikumwambia Ama kitu. Nikapanda pikipiki ya serikali, chupa ya barafu mgongoni, nikakata njia ya mashambani. Nilianguka mara moja kwenye tope la mfereji, nikaamka, nikaendelea. Nilimkuta Mzee Tsere anapalilia.

"Mzee Tsere, kuna ng'ombe wa ukoo wenu mahali wamefichwa tangu Mjerumani?"

Jembe likasimama. Uso wake ulijifunga kama mlango. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Nani amekutajia?"

"Hakuna aliyenitajia mtu. Nimeona sikio."

"Kuna jina la mtu yeyote limetajwa?"

"Hakuna, mzee. Wamekataa kunitajia. Ndiyo maana niko hapa natokwa jasho!"

Akaegemea jembe. Alikaa vile kiasi cha mimi kuanza kuhofia barafu yangu. Hatimaye akasema, polepole, maneno nisiyoyasahau: "Babu alituambia tunao ng'ombe mahali. Akasema tusiulize wako kwa nani, tusiwafuate, tusidai. Aliyewaficha akijulikana atauawa. Babu akafa hajamtaja. Baba naye hakujua. Sisi tukasema, hao watu walituficha, nasi tuwafiche."

Wajukuu zangu, mmesikia? Huku wananyamaza ili kumlinda mwenye ng'ombe. Kule wananyamaza ili kumlinda mfugaji. Katikati wamekaa majirani, wanapeana amani ya Kristo kila Jumapili, na hakuna anayemjua mwenzake.

"Nipeleke," akasema. Hakuuliza ni kwa nani. Aliingia ndani, akanawa, akavaa koti lake la kanisani juu ya suruali yenye tope, akakaa nyuma yangu kwenye pikipiki, na njiani nikamweleza maneno aliyoyaacha yule baba aliyefungwa kamba, mpaka tunashuka kwa Ama.

Alikataa kuingia. Akasimama nje ya mlango ule wa kilimani, mahali ambapo mtu wa ndani anamsikia ila hamwoni, akasalimia: "Saita, Ama." Ndani kimya. Najua mkono ulikuwa wapi. Akataja jina la babu yake, kisha la baba wa babu yake, akasema, "Mimi ni mjukuu wao. Mimi ndiye mwenyewe. Nimekuja kukuambia wameondoka."

Kisha sauti ya Ama:

"Wote?"

"Wote, Ama. Hakuna aliyebaki."

Akatoka. Mwanga ulimuumiza macho, akayakinga. Alimtazama yule mwanaume aliyekuwa akimwona kanisani miaka yote, akamtazama juu mpaka chini. Nilidhani atauliza kwa nini hawakuja mapema, au atamkabidhi kamba. Bibi wa karibu miaka themanini akauliza kwa sauti ya mtoto:

"Na baba?"

Mzee Tsere alivua kofia. Akatikisa kichwa tu.

Ama aliketi chini pale mlangoni, akapiga ukelele. Ule wa msiba, wa mtu aliyefiwa sasa hivi. Majirani wakaacha majembe wakaja mbio wakiuliza, "Nani? Nani amefariki?" Akawaambia, "Baba yangu. Baba yangu amefariki, nimeambiwa leo." Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema huyo ni wa zamani. Wanawake wakaketi naye chini. Wanaume wakaleta kuni, wakawasha moto wa matanga uani. Mzee Tsere alikaa upande wa wafiwa.

Nami nikaingia ndani peke yangu nikawachanja, machozi yananitiririka mpaka nikawa sioni bega. Nilipotoka, Ama alinishika mkono akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza. "Basi nawa," akasema, "uje ukae na sisi, tunalia."